Jinsi ya Kuchagua Viatu Vyepesi na Bapa vya Kukimbilia Njia za Porini: Mwongozo Kamili

Kiatu bapa, kwa maana itakayotumika hapa, ni kiatu ambacho kisigino na sehemu ya mbele ya wayo hukaa juu ya soli yenye unene mmoja, hata mguu ulio ndani yake ukasimama kama unavyosimama sakafuni. Viatu vingi vya kukimbilia barabarani huinua kisigino kwa milimita 8 hadi 12 juu ya sehemu ya mbele. Vile vinavyoitwa vya mwinuko mdogo huwa na milimita 1 hadi 4, na kiatu bapa kina sifuri.

Wepesi ni jambo jingine kabisa. Kuna viatu bapa vizito vyenye soli nene, na kuna viatu vyepesi mno ambavyo kisigino chake kimeinuka. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu wakimbiaji wengi huchanganya mambo haya mawili na la tatu, yaani wembamba wa soli. Mtu aliyehitaji kiatu bapa tu hujikuta amenunua kiatu chembamba, kisha anapoumia huamini kwamba ubapa ndio uliomuumiza. Katika hatua zinazofuata kila sifa itapimwa peke yake, na uzito utakuja karibu na mwisho. Mpangilio huo nimeuweka kwa makusudi: anayeanza kwa kuuliza gramu hujifungia nje viatu ambavyo pengine ndivyo vingemfaa.

Hatua ya kwanza: Pima miguu yako kabla ya kutazama kiatu chochote

Ukivua kiatu chenye mwinuko wa milimita 10 na kuvaa kiatu bapa, kisigino chako kinashuka kwa milimita hizo 10. Umbali kutoka katikati ya kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba, kwa mguu wa ukubwa wa kawaida, ni kama milimita 180. Kwa hiyo, wayo mzima unapokuwa chini, kifundo cha mguu hulazimika kukunjika kwa takriban digrii 3 zaidi. Digrii 3 huonekana kidogo mpaka uzijumlishe na mlima. Kwenye mpando wa asilimia 20, ardhi yenyewe imekwisha kukikunja kifundo kwa digrii 11 hivi, na hapo ndipo misuli ya vigimbi na kano ya kisigino huvutwa hadi karibu na ukomo wake. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia kwa raha uwanjani akiwa na viatu bapa, kisha akashuka ngazi kwa shida siku mbili nzima baada ya kupanda mlima mmoja.

Majaribio mawili yatakuonyesha uliposimama. La kwanza, simama pekupeku ukiutazama ukuta, weka ncha ya kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, kisha kunja goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. La pili, simama kwa mguu mmoja, ukijishika kidogo kwa ajili ya mizani tu, na unyanyue kisigino hadi juu kabisa kisha ukishushe polepole, mara 20 bila kupumzika. Anayefaulu yote mawili kwa miguu yote miwili ana msingi wa kuanza. Anayekwama sentimita 6 kutoka ukutani, au anayeishia mara 9, nisingemshauri apande mlima na kiatu bapa kabla ya kufanya mazoezi hayo hayo kwa majuma kadhaa. Yakiwa kipimo leo, kesho ndiyo dawa.

Wapo pia ambao hawapaswi kuamua peke yao. Mwenye jeraha la karibuni la kano ya kisigino, mwenye maumivu ya chini ya wayo yanayomchoma anapoamka asubuhi, mwenye kidole gumba kisichokunjika vizuri, na mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguuni wanapaswa kuzungumza kwanza na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Baada ya nguvu, pima ukubwa. Fanya hivyo jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na ufanye ukiwa umesimama, kwa sababu wayo hurefuka na kutanuka unapobeba mwili. Kanyaga karatasi, chora mzingo wa kila mguu huku penseli ikiwa wima, kisha pima kwa milimita urefu kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi (ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba) na upana mahali wayo ulipotanuka kuliko kwingine. Tumia mguu ulio mkubwa zaidi. Namba zilizoandikwa kwenye maboksi zina hatua zisizolingana: namba moja ya mfumo wa Ulaya ni takriban milimita 6.7, ilhali namba moja ya Uingereza au Marekani ni karibu milimita 8.5, na nusu namba ni kama milimita 4.2. Anayejua mguu wake kwa milimita hababaishwi na mifumo hiyo.

Usiitupe ile karatasi. Utaihitaji tena.

Hatua ya pili: Ijue njia unayoikimbia mara nyingi

Nasema mara nyingi, kwa sababu kosa la kawaida ni kuchagua kiatu kwa ajili ya njia ya ndotoni. Mtu hukimbia siku nne kwa juma kwenye udongo mgumu wenye vumbi, lakini ananunua kiatu chenye meno marefu ya tope (vinundu vya mpira vilivyo chini ya soli) kwa sababu anawazia mbio moja ya milimani itakayokuja baada ya miezi sita. Andika mahali mbio zako kumi za mwisho zilipopita: udongo ulioshindiliwa, changarawe, mizizi, majabali yaliyolowa, majani, tope, au lami ya kufikia msituni. Kama zaidi ya theluthi moja ya umbali ni lami, meno marefu yatalika haraka na kukuchosha bure.

Andika pia muda wa mbio ndefu unazokusudia. Kiatu kinachopendeza kwa dakika 50 kinaweza kuwa mateso kwa saa 5, kwani miguu huvimba, misuli midogo ya wayo huchoka, na kila jiwe ambalo mwanzoni uliliruka kwa wepesi unaanza kulikanyaga.

Hatua ya tatu: Amua unene wa soli, na usiuchanganye na ubapa

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Tazama familia moja ya viatu bapa, ile ya kampuni ya Altra: Superior imekuwa na soli ya takriban milimita 21, Lone Peak milimita 25, na Olympus milimita 33. Vyote vitatu vina mwinuko sifuri. Nje ya familia hiyo, Merrell Trail Glove ina takriban milimita 14, nayo pia ni bapa. Kati ya milimita 14 na 33 kuna tofauti kubwa sana ya hisia, ulinzi, uthabiti na uzito, ingawa mwinuko wa kisigino ni ule ule.

Soli nyembamba, tuseme chini ya milimita 15, hukuletea habari za ardhi kwa haraka. Unalihisi jiwe kabla uzito wote haujalifikia, mguu unajirekebisha, na kwa kuwa uko karibu na ardhi, kifundo hakiteguki kirahisi. Lakini soli hiyo inadai umakini wa macho na wayo wenye nguvu, na kwenye changarawe yenye ncha kali umakini huo huisha kabla ya njia kuisha. Wapo watakaokuambia kwamba wembamba ndio asili, nao watamtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ushindi ule unastahili heshima yote. Hata hivyo mwaka 1964, mjini Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu, na mbio zote mbili zilikuwa za barabarani. Miguu yake iliyozoea haiwezi kutumiwa kama kipimo cha miguu ya mtu aliyevaa visigino vilivyoinuka kwa miaka ishirini.

Soli ya kati, milimita 18 hadi 26, ndiyo ninayoipendekeza kwa anayenunua kiatu bapa kwa mara ya kwanza. Inakinga vya kutosha, na bado mguu unaisoma njia. Soli nene zaidi ya milimita 30 husaidia katika umbali mrefu, lakini hukuweka juu ya mnara: ukikanyaga ukingo wa jiwe, nguvu inayopindua kifundo huwa kubwa zaidi, na jambo hilo huonekana hasa kwenye mteremko wa ubavuni, yaani njia iliyoinamia upande mmoja.

Kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote. Povu la soli hubonyea, na hubonyea zaidi pale uzito unapoangukia. Mkimbiaji anayetua kwa kisigino juu ya povu laini na nene hubonyeza kisigino hicho milimita kadhaa chini ya sehemu ya mbele, kwa hiyo kiatu kilichoandikwa sifuri humtendea kama kiatu ambacho kisigino kimezama. Ikiwa unajua unatua kwa kisigino, chagua povu gumu kidogo. Na usitarajie kwamba kiatu bapa kitakubadilishia namna ya kutua chenyewe. Kinaweza kukurahisishia, lakini mazoea ya mwili hubadilika kwa mazoezi.

Angalia vilevile jinsi unene ulivyopimwa. Wengine huhesabu soli ya ndani inayotoka, wengine hawaihesabu. Wengine huyahesabu meno, wengine huyaacha. Itoe soli ya ndani uitazame kwa ubavu: kama ni nene kisigino kuliko mbele, basi yenyewe imeongeza mwinuko. Na usitegemee jina la kampuni pekee. Altra, iliyojulikana kwa mwinuko sifuri, sasa ina pia viatu vya milimita 4, na Topo Athletic hutengeneza vya sifuri, vya milimita 3 na vya milimita 5. Soma maelezo ya kiatu chenyewe, toleo lenyewe.

Kwa ulinzi bila unene, baadhi ya viatu huwekwa bamba jembamba la kukinga mawe kati ya povu na soli ya nje. Ni suluhisho zuri kwa njia za mawe, ilimradi kiatu kiendelee kukunjika pale vidole vinapokunjika.

Hatua ya nne: Hakikisha vidole vina nafasi

Leta ile karatasi. Toa soli ya ndani ya kiatu uiweke juu ya mchoro wa mguu wako. Mahali popote ambapo mchoro unatokeza nje ya soli ya ndani ndipo kiatu kitakapoubana mguu, na mara nyingi ni kwenye kidole kidogo na kwenye fundo la kidole gumba. Jaribio hili la nusu dakika limeniokoa mara nyingi kuliko maelezo yoyote ya muuzaji, kwa sababu kitambaa kinaweza kutanuka na kukudanganya dukani, lakini soli haitanuki.

Vidole vinavyoweza kufunguka huongeza msingi wa kusimamia, na katika kiatu bapa jambo hilo ni muhimu kuliko kwingine, kwani sehemu ya mbele ya wayo hubeba kazi kubwa zaidi. Lakini ubapa na upana pia ni vitu viwili. Kuna viatu bapa vyenye ncha nyembamba kama vya mashindano ya uwanjani. Kuna vilevile vipana kupita kiasi, ambavyo kwenye mteremko wa ubavuni huuacha mguu uteleze ndani ya kiatu mpaka malengelenge yatokee chini ya wayo. Unachokitafuta ni mbele pana, katikati pa kushika, na kisigino kisichopanda na kushuka.

Urefu: acha milimita 10 hadi 15 mbele ya kidole kirefu zaidi, karibu na upana wa kidole gumba cha mkono. Ukikosa upana usikimbilie namba kubwa zaidi, kwa sababu kiatu kitakunjika mbele ya mahali mguu unapokunjika, na hapo utaumiza utando wa chini ya wayo. Tafuta umbo jingine.

Hatua ya tano: Soma meno ya soli

Kwa udongo ulioshindiliwa na changarawe ndogo, meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha. Kwa njia mchanganyiko, milimita 4 hadi 5. Kwa tope la kweli, milimita 6 hadi 8, yakiwa yameachana vya kutosha ili tope lidondoke lenyewe. Meno marefu yaliyosongamana hugeuka kuwa tofali la udongo baada ya hatua chache, na kiatu chepesi ulichokinunua hakiwi chepesi tena. Tazama pia mwelekeo: meno ya mbele yanapaswa kuchimba unapopanda, na ya kisigino kuelekea upande wa pili ili yakusaidie kujizuia unaposhuka.

Mpira wenyewe una maelewano magumu. Mpira laini unanata kwenye jiwe lililolowa lakini hulika upesi, na mgumu hudumu lakini huteleza. Vibram Megagrip ni mfano unaojulikana wa mpira ulioundwa kushika vizuri penye maji na penye ukavu, na viatu vingi vya makampuni mbalimbali huutumia. Kwa anayepita kwenye majabali yenye maji kila juma, ningeweka ubora wa mpira juu ya urefu wa meno bila kusita, maana kwenye jabali meno marefu hayana cha kuchimba. Kinachokushika ni eneo la mpira linalogusa mwamba.

Katika soli nyembamba, meno machache marefu husukuma kuelekea juu, ukayahisi chini ya wayo kama kokoto. Kiatu chembamba kinahitaji meno mafupi na mengi.

Hatua ya sita: Sehemu ya juu, na suala la maji

Mguu utalowa. Swali ni utakauka baada ya muda gani. Viatu vyenye utando wa kuzuia maji huyazuia yasiingie mpaka yapande juu ya ukingo wa kiatu, na yakishaingia huyazuia yasitoke. Tena huongeza uzito na joto. Kwa mbio zinazovuka vijito, kitambaa cha matundu kinachotoa maji kwa hatua chache ni bora zaidi. Utando ule unafaa katika baridi kali na theluji, si katika mvua ya kawaida.

Tazama kama ulimi wa kiatu umeshonwa pande zote mbili ili mchanga usipenye, kama ncha ya mbele ina kinga ya vidole dhidi ya kukwaa, na kama mishono ya ndani haikwaruzi. Ukuta wa kisigino katika viatu vyepesi mara nyingi ni laini; hilo si kasoro, mradi kisigino kinashikwa na umbo la kiatu pamoja na kamba.

Hatua ya saba: Sasa pima uzito

Tumefika kwenye gramu. Uzito unaotangazwa kwa kawaida ni wa kiatu kimoja katika namba ya mfano, ambayo kwa wanaume mara nyingi ni 9 ya Marekani; mwenye mguu mkubwa zaidi ataongeza gramu kadhaa kwa kila namba. Kampuni ya Inov-8 kwa miaka mingi iliandika uzito ndani ya jina lenyewe, kama X-Talon 212, ambapo 212 ni gramu. Katika kundi la viatu bapa vya porini, vya chini ya gramu 200 ni vyepesi sana, gramu 200 hadi 260 ni vyepesi, na kiatu chenye ulinzi kamili kama Lone Peak huwa karibu na gramu 300.

Je, gramu zina thamani gani? Vipimo vya maabara vimeonyesha mara kwa mara kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza nguvu inayotumika kukimbia kwa takriban asilimia 1. Basi tofauti ya gramu 40 kati ya viatu viwili ni chini ya nusu ya asilimia. Ni faida halisi, na kwa anayeshindana inahesabika. Lakini mguu uliochubuliwa na mawe hupunguza kasi kwa zaidi ya hapo ndani ya saa moja. Niliwahi kukimbia mbio ndefu za changarawe na kiatu cha gramu zisizofika 190, kwa sababu tu namba ile ilinivutia, na katika saa ya mwisho nilikuwa nikitafuta majani pembeni ya njia ili nipumzishe nyayo.

Pima pia uzito wa kiatu kilicholowa, jambo ambalo ni nadra kulikuta katika maelezo ya viatu. Ukishakinunua, kipime kikavu kwenye mizani ya jikoni, kizamishe kwenye maji kwa dakika moja, kining'inize dakika mbili, kisha ukipime tena. Kiatu kinachobaki na gramu 70 za maji kimeupoteza wepesi ulioulipia. Ulimi mnene na mito ya kisigino ndiyo inayonyonya zaidi, kwa hiyo hata dukani unaweza kukisia kwa kubonyeza sehemu hizo.

Gramu salama za kupunguza ziko kwenye mito, ulimi na mapambo. Gramu za hatari kupunguza ziko kwenye mpira wa soli ya nje, ambapo baadhi ya viatu vyepesi huacha povu wazi bila kufunikwa; kwenye mawe povu hilo huchanika mapema sana.

Hatua ya nane: Jaribu kiatu kama utakavyokitumia

Nenda jioni, na soksi zile zile unazokimbilia. Vaa viatu vyote viwili, funga kamba kikamilifu, kisha tafuta mteremko, hata ngazi au ubao ulioinamishwa. Shuka ukijizuia ghafla: vidole vikigonga mbele, ama kiatu ni kifupi ama kamba hazijashika kifundo. Kabla ya kukikataa, pitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa lililo karibu na kifundo ili itengeneze kitanzi kila upande, vusha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, kisha kaza. Mara nyingi kisigino hutulia papo hapo. Kama kuna mahali juu ya wayo panapobanwa, ruka jozi moja ya matundu hapo.

Kisha panda. Sikiliza vigimbi. Mvuto mwepesi ni wa kawaida, lakini mchomo ndani ya kano si wa kawaida.

Mwisho kamata kiatu kwa mikono miwili ukikunje na kukisokota. Kinapaswa kukunjika kwenye mstari wa vidole, si katikati ya upinde wa wayo. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa ubavu: ncha iliyopinda sana kuelekea juu huviinua vidole hata katika kiatu bapa, na huondoa sehemu ya ile hali ya kusimama sakafuni uliyokuwa ukiitafuta.

Hatua ya tisa: Hamia polepole kuliko unavyotaka

Misuli huzoea kwa majuma. Kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu unajisikia uko tayari wakati sehemu za ndani hazijawa tayari. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wakimbiaji 36 kwa majuma 10, kundi moja likihamia taratibu kwenye viatu vyembamba vya vidole vitano (vyenye kifuko cha kila kidole) na jingine likibaki na viatu vya kawaida. Picha za mifupa ya wayo zilionyesha uvimbe ndani ya mifupa kwa wengi zaidi katika kundi lililohamia, na hao walikuwa wakifuata ratiba.

Kama unatoka kwenye mwinuko wa milimita 8 au zaidi, pitia kwanza kiatu cha milimita 4 hadi 6 kwa miezi miwili hivi. Kisha vaa kiatu bapa kwa kutembea tu, juma la kwanza na la pili. Juma la tatu kimbia nacho dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa juma, kwenye udongo tambarare, na ubaki na kiatu cha zamani kwa mbio zilizosalia. Ongeza dakika 5 kwa kila mbio kila juma, na usiongeze mlima na umbali katika juma moja. Katika juma la kumi hadi la kumi na mbili unaweza kufikia nusu ya umbali wako wa juma. Wengine huishia hapo kwa kudumu, wakitumia viatu bapa kwa baadhi ya mbio na vya mwinuko mdogo kwa nyingine, na mimi naona ni uamuzi wa busara.

Fupisha hatua kidogo na uongeze wingi wake kwa asilimia 5 hivi. Mguu utatua karibu zaidi na mwili na mshtuko wa kila hatua utapungua. Endelea na zoezi la kunyanyua visigino, siku tatu kwa juma.

Tofautisha uchovu na jeraha. Vigimbi vilivyokaza pande zote mbili kwa siku moja au mbili ni gharama ya kawaida. Kano ya kisigino iliyokakamaa asubuhi kwa siku tatu mfululizo inakutaka urudi nyuma majuma mawili. Maumivu ya sehemu moja juu ya wayo, ambayo unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole na yanayozidi unapokimbia, yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa: acha kukimbia siku hiyo hiyo na umwone daktari.

Hatua ya kumi: Kitunze, na ujue siku ya kukiacha

Osha tope kwa maji baridi, toa soli ya ndani, jaza karatasi ndani ya kiatu na ukianike kivulini. Joto la moto au jua kali hulegeza gundi na kulifanya povu liwe gumu. Viatu vingi vya porini hudumu kilomita 500 hadi 800, na vyepesi huelekea kwenye namba ya chini.

Katika kiatu bapa uchakavu una athari ya pekee. Anayetua kwa sehemu ya mbele hula meno ya mbele kwanza, na milimita 2 zikilika huko kiatu kimeanza kuinua kisigino. Anayetua kwa kisigino huzamisha povu la nyuma, na kiatu huanza kukivuta kisigino chini. Weka viatu vyote viwili juu ya meza kila baada ya kilomita 100, uvitazame kwa nyuma na kwa ubavu, ukilinganisha na picha uliyovipiga vilipokuwa vipya. Kiatu kinapolala upande mmoja, au tofauti kati ya mbele na nyuma inapoonekana kwa macho, kibadilishe matumizi kiwe cha kutembelea, na upime mguu wako upya kwenye karatasi kabla ya kununua kingine, kwani miezi mingi ya kukimbia na kiatu chenye nafasi huweza kuutanua mguu.